Jino Lililotupwa na Ziwa

Bagara, Babati
14 Juni 2024

Kwa dada yangu Katarina, Mama Natalia, huko Pangani.

Mimi kaka yako Herieli Tluway nina miaka themanini na mbili. Nimemzika baba, nimemzika mama, nimewazika kaka zetu wawili na mke wangu. Hata yule mwalimu wa kisomo aliyenifundisha herufi hizi akasema kichwa changu ni kigumu, naye nimemzika, na udongo niliutupia kwa mikono miwili. Njaa ya mwaka wa sabini na nne ilinikuta ikaniacha. Nyati alinikanyaga mguu kule Magugu, akaondoka yeye. Mwaka huu ziwa lilipanda likala migomba yangu yote ya chini, mimi likaniacha nimesimama mlangoni. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema Herieli amekwisha, mwonyeshe barua hii. Nimeiandika siku tatu kwa mkono wangu, bila kusaidiwa na mtu. Simu sitaki, inanguruma tu sikioni.

Hujambo? Nyonga yako inaendeleaje? Huku hatujambo. Mahindi yamekauka vizuri. Ng'ombe wawili wamezaa. Lemuta, yule Mmasai jirani yangu, amewaachia wanawe mifugo yote huko Simanjiro, sasa kazi yake ni kunywa chai yangu kila jioni.

Natalia wako ni mzima. Amepanga chumba Maisaka, na meza yake iko karibu na stendi, anauza hayo mapambo yako ya kutundika. Nilimwambia, mwanangu, kwa mjomba wako kuna vyumba vitatu. Akasema, "Asante mjomba, mimi nimekuja kwa ajili ya shamba la babu tu." Hivyo hivyo, hata maji hajanywa. Nimemwambia habari za shamba la Sigino zinaongelewa baada ya mavuno.

Sasa jambo lenyewe. Hayo mapambo niliyacheka mwanzoni. Fimbo moja, nyuzi saba, makome ya baharini na vipande vya chupa, basi mtu mzima anasimama barabarani anaangalia! Nikasema hata mimi naweza, tena zaidi. Ziwa sasa limerudi nyuma limeacha ufuko mpana wa tope, na kila asubuhi naokota: makombe ya konokono, mifupa ya kambare, maboya ya nyavu, kandambili za watu waliokimbia mafuriko. Nimetengeneza manne tayari. Tatizo ni upepo wa hapa, unazisokota nyuzi zinakuwa kama nywele za mwendawazimu. Wewe unafanyaje? Sikuulizi kwa kushindwa. Nauliza ili kulinganisha.

Kaka yako,
Herieli


Pangani
2 Julai 2024

Shikamoo kaka Herieli,

Barua yako nimeipata kwa kondakta, ina harufu ya samadi nikaipenda. Huku tunaendelea. Nyonga haijapona, natembea na fimbo mbili kutoka kitandani hadi barazani, na safari ya basi daktari amenikataza. Mvua imeng'oa bati moja. Mimi naokota kupitia watoto wa majirani sasa, wao wanaleta, mimi nafunga.

Nimefurahi kusikia umeanza kazi hii. Mimi niliianza Baba Natalia alipofariki, kwa kuwa mikono ilikuwa inatafuta cha kufanya. Sikiliza siri ya upepo. Uzi wa katikati uwe mrefu kuliko yote, na mwisho wake uweke kitu kizito. Kizito kuliko vingine vyote, na kiwe na umbo zuri maana ndicho mtu anachokitazama kwanza. Hapo upepo utazungusha kila kitu polepole na hakuna kitakachosokotana. Mimi naweka kipande cha matumbawe kilichotupwa na maji.

Na usinunue kitu. Okota ufukoni. Kilichotupwa na maji hakina mwenyewe, hakuna atakayekuuliza.

Kaka, Natalia usimzungushe. Nilipoondoka Babati uliniambia sehemu yangu ya Sigino ipo, nitaikuta. Mimi sitaikuta tena. Mpe yeye. Mavuno ni mwezi huu.

Mdogo wako,
Katarina


Bagara, Babati
20 Agosti 2024

Dada Katarina,

Marahaba. Pole na nyonga, pole na bati. Mavuno tumemaliza, magunia arobaini na moja, na jirani yangu mwenye trekta amepata ishirini na sita, amenuna. Ndama mmoja alikufa. Kanisani wamebadilisha mchungaji, huyu mpya ana sauti ndogo, nimemwambia.

Nimefanya ulivyosema na nimekushinda. Usikasirike, ukweli ni ukweli. Fimbo nimechukua mti uliolala majini miaka na miaka, mweusi, mwepesi. Nyuzi kumi na moja za nyavu mbovu. Makombe ya konokono nimeyatoboa kwa spoku ya baiskeli iliyotiwa moto, hakuna hata moja lililopasuka. Na chini, katikati, nimeweka uzito. Sikwambii ni nini. Nilikiona kimechomoza kwenye tope matete yanapoishia, nikakisugua kwa mchanga mpaka kikang'aa kama kikombe cha wageni. Kimepinda kidogo. Upepo unapokuja kinatulia, na vingine vyote vinakizunguka kama watoto wanaomzunguka mwalimu.

Lemuta alikitazama chai ikapoa. Akasema, "Herieli, kitu hicho kina mwenyewe."

Nikamwambia, "Mwenyewe amekufa, ameliwa na samaki."

Akasema, "Simsemi yule aliyekufa."

Wamasai wanapenda kusema nusu. Nikamwambia amalize chai yake.

Na mafundo! Nimefunga fundo la mzinga wa nyuki, lile baba alilotufundisha sisi wawili nyuma ya zizi, kamba mara tatu na mkia unarudi chini. Kaka zetu halikuwaingia kichwani. Babati nzima leo analijua Herieli peke yake. Ukiona fundo lile umemwona Herieli mwenyewe, huhitaji kuuliza.

Pambo lenyewe nimempa Natalia alitundike mbele kabisa ya meza. Anasema madereva wa watalii wanasimamisha magari. Shamba tutaongea, usinisukume. Mwaka huu nataka kwanza nilipumzishe.

Kaka yako,
Herieli


Pangani
27 Septemba 2024

Shikamoo kaka,

Sina habari za nyumbani za kukupa, bati ni lile lile. Nimesubiri siku kumi na nane simu ya Natalia haipatikani. Jana amenipigia mtu anaitwa Zena, anauza ndizi na maparachichi meza ya pili kutoka kwa Natalia. Anasema Jumatatu tarehe tisa walikuja watu wa wanyamapori na askari. Hawakugusa kitu kingine. Walikwenda moja kwa moja kwenye pambo lililotundikwa mbele, wakakata kile cha chini, wakakitia kwenye mfuko, wakamchukua Natalia. Zena anasema ni jino la kiboko. Nyara ya serikali. Dhamana hakuna, yuko mahabusu.

Kaka, wewe uko mwendo wa nusu saa kwa mguu kutoka stendi.

Niandikie leo. Usimalize siku tatu.

Katarina


Bagara, Babati
25 Oktoba 2024

Dada Katarina,

Marahaba. Natumaini nyonga inapata nafuu. Huku joto limezidi. Ng'ombe mwekundu ana mimba. Nimepaka chokaa chumba cha mbele, nilipanda ngazi mwenyewe, watu walisimama njiani kuangalia mzee wa miaka themanini na mbili juu ya ngazi. Mchungaji mpya alikuja kunisalimia, bado sauti ni ndogo. Lemuta ameacha kuja kunywa chai, sijui amepatwa na nini, watu wa porini hawana mazoea.

Habari ya Natalia ni kweli. Sikukuandikia maana nilijua litakwisha. Mambo ya serikali yana taratibu zake, mtu hawezi kuyakimbilia. Yeye mezani kwake ana vitu vingi, vya huko Pangani, vya hapa, vya kuokota, anachanganya. Nani anajua kipi kimetoka wapi? Watoto wa siku hizi hawaulizi. Nasikia anakula vizuri na ana blanketi.

Mimi kwa sasa nimeacha kutengeneza. Macho.

Mvua za kwanza zikinyesha nitalima Sigino, ardhi isikae bure.

Herieli


Pangani
8 Novemba 2024

Kaka,

Shikamoo. Kila siku nakuamkia, hata leo.

Ninayo barua yako ya Agosti. Imekunjwa mara nne chini ya Biblia. Umesema uliweka uzito chini, umepinda, umetoka kwenye tope. Umesema fundo ni la mzinga. Mimi nina miaka sabini na miwili lakini fundo lile mikono yangu inalijua. Zena alilipiga picha pambo lile mwezi wa nane kwa kulipenda, amenitumia. Nimeiweka karibu na taa. Kamba mara tatu, mkia chini.

Natalia hajui kulifunga. Sikumfundisha. Nilipoondoka kwenu sikuchukua hata fundo la kwenu.

Nenda polisi useme neno moja tu, kwamba ni lako. Usinieleze habari za ng'ombe mwekundu.

Na kama unakaa kimya kwa sababu mwenye kudai shamba yuko ndani, niambie pia, nijue ninamwandikia nani.

Katarina


Bagara, Babati
16 Desemba 2024

Wewe Katarina,

Mimi ndiye niliyekubeba mgongoni kuvuka mto Kiongozi ukiwa na homa. Mimi. Leo unanihukumu kwa karatasi.

Sasa nisikilize na mimi. Nani aliniambia niweke kitu kizito? Nani aliniambia kiwe na umbo zuri? Nani aliandika kwa mkono wake kilichotupwa na maji hakina mwenyewe, hakuna atakayekuuliza? Barua hiyo ninayo, na mimi naweza kukunja mara nne. Huko kwenu maji yanatupa makome. Huku kwetu maji yanatupa viboko. Ulizaliwa hapa, ulisahau? Miaka hamsini unakula samaki wa pwani umesahau ziwa lililo nyuma ya nyumba yenu lina nini ndani?

Nimeokota vitu ziwani tangu sijaota ndevu. Baba aliokota. Jino la namna hiyo babu alilitumia kusugulia ngozi, lilikaa juu ya kizingiti cha mlango, nani alikuja kukamata kizingiti? Mimi sikuua mnyama. Nimeokota uchafu wa ziwa nikaupendezesha.

Unataka niende nikaseme. Mtu wa miaka themanini na mbili nikalale kwenye sakafu na wezi wa pikipiki? Mimi niliyeshinda nyati? Natalia ana nguvu, ana miaka arobaini na minne, atavumilia mpaka waone hana hatia, watamwachia. Wanaachiwa kila siku.

Habari ya shamba umeileta wewe. Mimi sijaitaja.

Krismasi njema.

Herieli Tluway


Pangani
20 Januari 2025

Kaka yangu Herieli,

Shikamoo. Nimekaa na barua yako mwezi mzima. Nilianza kukujibu mara tano nikachana.

Ni kweli. Niliandika hakuna atakayekuuliza. Nilisahau ziwa. Niliandika kama mtu wa hapa, na barua ilikuwa inakwenda huko. Kila usiku ninayarudia maneno yale, na sikutaka kukuambia kwa sababu nilitaka kosa liwe lako lote. Chukua nusu, nusu ni yangu. Nimekwisha kusema hivyo mbele ya mwanasheria wa msaada wa kisheria huko Tanga, nilibebwa kwenye bajaji mpaka stendi na kwenye basi nililazwa kiti cha nyuma.

Nilimpa barua yako ya Agosti. Aliisoma mara mbili. Akaniambia, "Mama, hapa hakuna jino. Ameandika sikwambii ni nini." Fundo nalo akasema mahakama haifungwi kwa fundo. Akasema anatakiwa mtu mwenyewe, kwa miguu yake, kwa mdomo wake. Kwa hiyo barua zote mbili ni karatasi tu, yangu na yako. Umebaki wewe.

Sasa soma hapa polepole. Zena anamtembelea kila Jumapili. Natalia amekonda na amechoka. Wenzake mahabusu wamemwambia akikiri mwenyewe hakimu atamwonea huruma yaishe. Kesi inatajwa tarehe 17 Februari, Jumatatu, na siku hiyo anataka kukiri. Nimemtumia maneno asikiri, ananijibu kwa Zena, "Mwambieni mama, anataka nimsubiri nani?"

Anasema yeye aliwaambia kitu kile ni cha mjomba wake, wakaja kwako kuuliza. Uliwajibu nini? Zena anajua, hataki kuniambia.

Nenda kabla ya tarehe 17. Shamba chukua. Nakuandikia na kusaini, chukua lote, mpaka kwenye mfereji. Sitaki hata kamba ya mzinga. Nenda tu.

Mdogo wako uliyembeba mgongoni,
Katarina


Bagara, Babati
3 Machi 2025

Dada Katarina,

Marahaba. Safari hii sina habari za mifugo.

Barua yako ilifika tarehe sita Februari. Zena aliileta mwenyewe, akaiweka mezani akaondoka, hakuniamkia. Niliitazama. Nikajua ni matusi. Wewe unajua kusoma kwangu: macho peke yake hayasomi, lazima mdomo utamke, herufi kwa herufi, na barua moja ni siku nzima. Nikajiambia, siwezi kukaa nyumbani mwangu nikajitukana kwa sauti yangu mwenyewe. Kumwita mtu anisomee ndiyo kabisa, nimewaambia watu wote kwamba nasoma. Nikaiweka chini ya mtungi. Nikanywa maji ya mtungi ule siku kumi na tatu.

Nimeifungua tarehe kumi na tisa, kwa kuwa mtungi ulivuja nikaona imelowa upande. Nilisoma kutoka asubuhi. Niliposikia mdomo wangu unasema chukua nusu, nusu ni yangu, nikasimama nikatembea uani. Nikarudi. Nilipofika pale penye tarehe kumi na saba sikuamini mdomo, nikarudia. Nikaenda kwa Lemuta, alikuwa anachonga fimbo. Tangu Septemba alikuwa hajaniambia neno.

Nikamuuliza, "Leo tarehe ngapi?"

Akasema, "Kumi na tisa. Umechelewa tangu juzi."

Kumbe alikuwa anajua. Wote walikuwa wanajua, wananitazama napita na jembe.

Asubuhi yake nilivaa koti la kanisani nikaenda mahakamani. Karani ni kijana mwenye miwani, anakula karanga. Nikamwambia nimekuja habari ya Natalia, jino ni langu.

"Kesi hiyo imekwisha, mzee. Amekiri mwenyewe Jumatatu."

"Amekiri nini na jino si lake?"

"Kila wiki napata mjomba mmoja na baba mmoja," akasema. "Hukumu ikishatoka ndipo jino linapata mwenyewe. Kabla ya hapo linakuwa yatima."

Watu kwenye benchi walicheka. Mimi Herieli nilichekwa nikiwa nimevaa koti. Nikamuuliza amepewa nini. Akatazama daftari lake, akaacha kutafuna. Akasema miaka ishirini, hakimu hakuwa na namna, sheria ndiyo inasema hivyo. Halafu akanipisha kiti chake. Kiti kile nilikikataa, dada. Nilisimama.

Yeye ndiye aliyeniambia kwamba siku za rufaa zinahesabika, kwamba aliyekiri mwenyewe rufaa yake ni mlima, na kwamba kama nina la kusema nisiseme kwake, nikaseme polisi, kisha niandike yote na majina ya wanaoyajua, mwanasheria wako awe na kitu cha kushika. Polisi nimekwenda siku hiyo hiyo. Wameandika maelezo yangu, wakaniambia nisitoke Babati, wataniita. Nitoke niende wapi? Sasa nakuandikia wewe, mpe mwanasheria. Safari hii naandika kitu kwa jina lake.

Jino la kiboko nililiokota mimi Herieli Tluway mwezi wa nane mwaka jana, kwenye ufuko wa ziwa, matete yanapoishia. Nilijua ni jino la kiboko. Mtu aliyezaliwa kando ya ziwa hili hawezi kusema hakujua. Nilijua pia kwamba serikali hairuhusu, ndiyo maana sikukuandikia ni nini. Nilitaka upambanue mwenyewe kwamba kaka yako hamwogopi mtu. Nililitoboa juu kwa spoku, nikalifunga.

Natalia aliniuliza. Alikaa akalishika mkononi akasema, "Mjomba, hiki ni nini, mbona kizito hivi?" Nikamwambia ni pembe ya ng'ombe wa Lemuta, nimeichonga. Akasema, "Mjomba una mikono." Akalitundika. Hilo ndilo sikukuambia.

Na ulilouliza, niliwajibu nini. Walikuja wawili, siku ya pili baada ya kumchukua. Walikuwa na adabu, waliniamkia. Wakanionyesha, "Mzee, binti anasema hiki ni chako." Nikawaambia mimi naokota konokono. Wakasema basi weka dole gumba hapa. Nikakataa dole gumba, nikasema mimi ni msomi, nikaandika jina langu lote kwa herufi nzuri, Herieli Tluway, wakanisifu mwandiko. Nilifurahi kusifiwa, Katarina. Pale pale, na mtoto wako yuko ndani ya gari lao.

Uliniuliza kama nilinyamaza kwa sababu ya shamba. Nimelifikiria hili siku kumi na mbili, na nimeharibu karatasi nyingi. Sikuliweka jino lile ili akamatwe, naapa kwa kaburi la mama. Lakini siku waliyomchukua alikuwa amesema atakuja jioni na mwenyekiti wa mtaa tupime mipaka ya Sigino. Jioni hakuja mtu. Nilikula ugali wangu, nikafunga mlango, nikalala vizuri. Sijalala vizuri namna ile tangu mke wangu afe. Hilo ndilo jibu. Ya shamba lenyewe siandiki hapa, usije ukadhani kuna kitu nanunua.

Wanaoyajua maneno haya ni hawa. Lemuta, jirani yangu, aliliona jino mkononi mwangu kabla halijafungwa, akanionya nikamwambia amalize chai yake. Amesema atakwenda kusema, si kwa ajili yangu. Zena wa meza ya maparachichi alikuwepo nilipomwambia Natalia ni pembe ya ng'ombe, tena alicheka akasema ng'ombe gani ana pembe nyeupe hivyo. Ile karatasi ya polisi ya Septemba yenye jina langu, waitafute, mwandiko ni wangu na uongo ni wangu. Karani mwenye miwani, kwamba nilifika siku tatu baada ya siku yenyewe. Na Natalia. Nilikwenda gerezani Jumapili na Zena, nikakaa kwenye benchi kutoka saa tatu mpaka wageni wote wakaitwa wakaisha. Zena aliitwa. Mimi nilitaja jina langu mlangoni, askari akaingia nalo ndani, akarudi akasema mfungwa amesema hamjui mtu huyo. Lakini anajua yote niliyoandika hapa. Muulizeni yeye.

Herieli Tluway